Siku ya Kumzima Oma

Asubuhi ya Alhamisi Kuu nilimkuta Ottmar Zwink kwenye maegesho ya magari, kavaa koti la mvua na mkononi kashika ndala zake za kazini. Nikajua kuna jambo. Zile ndala hazikuwa na safari. Zilikaa chini ya meza yake katika chumba cha mashine tangu nilipoajiriwa na Ushirika wa Dawa wa Schönbuch, na nilipoajiriwa nywele zangu zilikuwa bado nyeusi.

Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema nyumbani. Mkurugenzi, Dakta Raible, amemwita asubuhi hiyo, amempa barua ya kumwachisha kazi, amechukua kadi yake ya mlango, amemshukuru, na amemwambia hakuna haja ya kungoja sherehe. Alieleza hayo yote kwa sauti ya mtu anayekusomea utabiri wa mvua. Mimi ndiye niliyeshikwa na bumbuwazi, hata mfuko wangu wa mikate ya chumvi ukaniponyoka.

Huyu ndiye mtu aliyemlea Oma. Oma kwetu ni bibi, na ndivyo tulivyoiita kompyuta kubwa ya chini, dude jeusi lenye ukubwa wa makabati mawili ya nguo, lililopokea oda za maduka yote ya dawa kutoka hapa Böblingen hadi juu kwenye milima ya Alb. Mimi ni Mechthild Stotz, na wakati huo nilisimamia meza ya oda ghorofani. Simu za wauza dawa zilikuwa mzigo wangu, magari ya kusambaza yalikuwa mzigo wangu, na matusi ya madereva pia. Magari yaliondoka kila siku saa nane mchana, na ili yaondoke lazima Oma awe macho.

Siku hiyo Oma alikuwa anazimwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yenyewe.

"Umemwambia kilichomo ndani yake?" nikamuuliza Ottmar.

"Nilimwambia Agosti."

"Akasemaje?"

"Akasema, mradi inafanya kazi."

"We Ottmar, Agosti si leo. Leo umemwambia?"

"Leo hakuniuliza."

Akaziweka ndala kwenye kiti cha abiria, akaziweka sawasawa zikiwa pamoja, akawasha gari na kuondoka.  Nimeishi na watu wa huku maisha yangu yote, mimi mwenyewe ni wa huku, lakini hapo nilitamani kumkimbilia nimtoe kwenye gari kwa sikio.

Ngoja niseme kilichokuwemo ndani ya Oma, maana bila hilo hutaelewa kwa nini sikuweza kutulia.

Raible alikuja kwetu kutoka Munich, kijana bado, suti safi, maneno mengi. Alisema Oma ni mashine ya wazee, dunia imehamia kwenye Linux, ule mfumo wa bure wenye nembo ya pengwini, na kwamba kazi zetu zote zitahamia huko, kwenye seva ndogo bapa kama trei za mkate. Akazinunua trei zake, akazipanga katika chumba cha pili chenye mlango wa kioo, zikawa zinapepesa taa za buluu mchana na usiku. Kila mgeni aliyefika alipelekwa kuziangalia. Na nusu ya aliyosema ilikuwa kweli. Linux ilikuwa nzuri. Asichokijua ni kwamba Linux haichagui nyumba. Vijana wa maabara ya kule kilimani, si mbali na kituo chetu cha basi, walikuwa wameshaifanya iende kwenye mashine za aina ya Oma, na kule Nuremberg kulikuwa na watu wanaoifungasha tayari kwa kazi hiyo. Ottmar akaiweka. Tena hakuweka moja. Oma alikuwa na uwezo wa kujigawa: ndani yake unaumba kompyuta ya kudhaniwa tu, isiyo na chuma chake, juu yake unaweka Linux, halafu unaumba nyingine na nyingine, na kila moja inaamini iko peke yake duniani.

Basi ukitaka seva mpya kwa njia ya ofisi ya manunuzi, utajaza karatasi na kungoja hadi usahau uliitakia nini. Ukishuka kwa Ottmar, kahawa yako haijapoa umeshapewa. Unadhani watu walikwenda wapi? Raible akaona seva zinazaliwa haraka, akadhani zimo kwenye trei zake, akaenda kutamba mbele ya bodi kwamba dunia mpya ina kasi. Kisha ukaja ule mwezi wa Agosti wenye joto la kuzimu. Trei za buluu zikaanza kuzimia moja baada ya nyingine, na Ottmar akahamishia kazi zao zote ndani ya Oma, kimya kimya. Trei akaziacha ziendelee kupepesa. Jumatatu alimwambia Raible, lakini kila kitu kilikuwa sawa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi.

Ndivyo tulivyo sisi Waswabia, watu wa huku. Kitu kikienda vizuri hakisemwi. Mpishi wa kantini akipatia, tunakula tunanyanyuka. Chumvi ikipungua ndiyo utatusikia. Ushirika mzima ulikuwa umehamia ndani ya mashine inayongoja kuuawa, na wenye kujua walinyamaza kwa sababu hakuna kilichokuwa kimeharibika. Mimi nilizaliwa na kasoro ya mdomo usiofungika, namshukuru Mungu kwa hilo, nikakimbia kushuka ngazi.

Katika chumba cha mashine niliwakuta wazee wa bodi na glasi zao za mvinyo mweupe, saa nne asubuhi, na Raible katikati amevaa tai ya njano kwa ajili ya Pasaka. Nilimwambia mbele ya wote. Nilisema asimzime Oma, seva zote zimo ndani yake, leo ni siku ya mwisho ya magari kabla ya sikukuu. Hakukasirika. Alinishika kiwiko kwa upole, akanipeleka hadi kwenye mlango wa kioo.

"Bi Stotz, seva ni hizi hapa. Unaona? Zinawaka zote."

"Zinawaka, hazina kazi," nikasema. "Ni jiko linalowaka bila sufuria."

"Bwana Zwink ndiye aliyekutuma?"

Nikamwambia Ottmar yuko njiani kwenda kwake na hajamtuma mtu yeyote, na kwamba tatizo lake Ottmar ni hilo hasa. Raible akawageukia wageni, akasema kwa sauti ya huruma kwamba mabadiliko huwaumiza waliozeeka pamoja na vitu vyao. Wazee wa bodi, ambao hata mdogo wao alinizidi umri, wakatabasamu. 

Nilidhani angalau atakwenda kwenye kibodi na kuzima kistaarabu, maana kuna namna ya kuziaga zile kompyuta za ndani kabla ya kulizima lile kubwa. Hapana. Alitaka kupigwa picha. Akainua kifuniko cha swichi nyekundu iliyo kifuani mwa Oma, ile ya kuvutwa chumba kikishika moto. Wafagiaji walikuwa wamekatazwa hata kuipangusa vumbi. Nilifungua mdomo nimkemee.  Akaivuta.

Kilichonishtua kwanza ni ukimya. Katika chumba kile hujawahi kusikia ukimya, feni za Oma zilikuwa zikivuma tangu enzi, mpaka tulikuwa hatuzisikii tena. Zilipokata, masikio yaliniuma. Halafu wakapiga makofi. Walikuwa bado wanapiga makofi wakati simu ya kwanza ilipolia ghorofani, kisha ya pili, kisha ikawa hakuna tena ya kwanza wala ya pili, zililia zote pamoja. Chumba cha pili trei za buluu ziliendelea kupepesa kwa furaha kama hakijatokea kitu.

Nilipanda ngazi mbio. Simu niliyoishika ilikuwa ya Irmela Knapp, mwenye duka la dawa kule Münsingen. Tulifahamiana miaka mingi. Skrini yake ilikuwa imeganda katikati ya oda, akataka kujua kama ni yeye au ni sisi. Nikamwambia ni sisi. 

"Mechthild, nina mgonjwa hapa aliyewekewa figo la nduguye," akasema. "Vidonge vyake vya kuzuia mwili kulikataa viko kwenye gari la leo. Kesho Ijumaa Kuu, gari jingine ni Jumanne. Amebakiwa na vya leo tu. Wewe niambie gari litakuja."

Sikumwambia.  Huko nyuma yangu wasichana wote wa meza ya oda walikuwa wamesimama na simu masikioni, wananiangalia mimi, na bohari ilikuwa imejaa dawa ambazo hakuna aliyejua tena ipi ni ya nani.

Raible akaja. Uso ulikuwa umemwishia damu, mweupe kama unga uliokandwa. Akaniuliza taratibu, ndani ya Oma kulikuwa na nani. Nikamjibu kwamba kulikuwa na wote. Akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, kumbe ni cha mtu, binti wa watu akabaki kasimama. Akasema basi mashine iwashwe. Nikamwambia swichi hata mtoto anaweza kuirudisha, lakini kumwamsha Oma ni jambo jingine. Zile kompyuta za ndani zina utaratibu wa kuamshwa, hii kabla ya ile, na utaratibu huo uko kwenye kichwa cha Ottmar Zwink peke yake. Oma alikuwa hajazimwa kwa miaka. Raible akapiga simu kwa Ottmar. Iliita hadi ikakata. Akapiga tena. Kisha akachukua funguo za gari lake, akaniangalia mimi, tukaondoka.

Ottmar tulimkuta mbele ya nyumba yake huko Holzgerlingen, anafagia.

Ilikuwa wiki yake ya ufagio. Kibao kilikuwa kimetundikwa mlangoni kwake, na kikishatundikwa kwako, njia ya mbele, ngazi na korido ni zako kuzifagia hadi umtundikie jirani. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya Jumamosi, lakini mtu mwenye heshima zake hawaachii majirani uchafu wa kutazama siku zote za Pasaka, na Ijumaa Kuu hakuna anayethubutu kushika ufagio. Alituona tunashuka garini. Akaendelea kufagia.

Raible alimwambia yote, bila kujitetea, hilo nitamsifu. Alisema amekosea, alisema tafadhali, alisema magari yanaondoka saa nane.

"Nimesikia," Ottmar akasema. "Nimalize hapa. Halafu kuna ngazi."

Mshtuko alionipa Raible ulikuwa mkubwa, lakini huu wa Ottmar uliupita. Nilimsogelea nikamweleza habari za Irmela na mtu wake wa figo. Nikamwambia anaweza kumwadhibu Raible mpaka achoke, lakini yule mtu wa Münsingen amemkosea nini? Ufagio ukasimama. Ottmar hakunitazama mimi, alitazama dirisha la ghorofa ya kwanza, na pazia la pale likatikisika. Bi Knöpfle, jirani yake wa juu. Nikaelewa. Akiondoka na kuacha njia nusu, huyo mama atamsema mpaka kaburini, na baada ya hapo atamsema kwenye kaburi. Mwanamume mzima, dawa za mkoa mzima ziko mikononi mwake, anamwogopa Bi Knöpfle. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Na nisidanganye, ningekuwa mimi pia ningemwogopa.

Raible akavua koti la suti. Akanyoosha mkono.

"Lete huo ufagio."

"Unajua kufagia?" Ottmar akamuuliza.

"Mimi mzaliwa wa Reutlingen. Mama yangu alikuwa anapitisha kidole kwenye ngazi kutafuta vumbi."

Alisema hayo kwa lafudhi ya kwetu kabisa, nzito, ya jikoni. Muda wote tuliokaa naye tulidhani ni mtu wa Munich. Akanirushia funguo za gari akaniambia niendeshe mimi, yeye atakuja na basi. Tulipokuwa tunageuza gari nilimwona kwenye kioo, tai ya njano begani, anafagia, na Bi Knöpfle keshafungua dirisha na kumwonyesha kwa kidole kwamba pale penye mfereji amepasahau.

Njiani Ottmar alitazama barabara. Mimi nilisema kwa niaba ya wote wawili.

Alipoingia chumbani alivaa kwanza ndala zake, alizokuwa amezichukua tena garini mwake. Kisha akairudisha swichi, na Oma akaanza kuvuma. Nilishusha pumzi. Diski zake zilikuwa kwenye kabati lao na umeme wao, hazikudhurika. Ottmar akaketi, akaamsha kompyuta ya kwanza ya ndani, ikaamka. Akaamsha ya pili, kimya. Akarudi nyuma, akaanza upya, kimya tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, naiangalia saa ya ukutani, saa saba ilikuwa imeshapita. Madereva walikuwa uani wanavuta sigara. Akajaribu kwa njia nyingine. Kisha akavua miwani na kuiweka mezani.

"Mechthild," akasema, "sijui."

 Mtu huyu sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, hata kuhusu hali ya hewa. Nikamwambia anieleze kwa lugha ya binadamu. Akanieleza. Kulikuwa na kompyuta ya majina, ile inayoziambia nyingine zote nani anakaa wapi. Kulikuwa na kompyuta ya stoo, inayotunza mafaili ya zote. Ya majina imeweka mafaili yake stoo, kwa hiyo haiamki mpaka stoo ifunguliwe. Na ya stoo haimfungulii mtu mlango kabla haijaiuliza ya majina, huyu anayebisha ni nani. Zinangojana. Tangu Agosti hakuna aliyeona, kwa sababu daima mojawapo ilikuwa macho. Yeye mwenyewe alikuwa amezifunga hivyo, kwa siku tofauti, kila siku akiona amefanya jambo la busara.

"Naweza kulifungua fundo kwa mkono," akasema, "moja baada ya moja. Itakuwa jioni."

Hapo nilimpasukia. Nilimwambia ametufungia sote ndani ya kichwa chake kwa kiburi, sasa tunafika kwenye kichwa chenyewe tunakuta ufunguo haumo. Nilimwambia Raible ni mjinga aliyevuta swichi asiyoijua, lakini yeye alijua na akaenda kufagia.  Alipokea yote ameinamisha kichwa, mikono magotini. Ningependa kusema nilimhurumia, lakini wakati huo sikumhurumia hata kidogo.

Raible akaingia. Alikuwa ametoka kituoni mbio, magoti ya suruali yana vumbi, mkononi bado ana lile koti. Hakuuliza nani kakosea. Aliuliza tumekwama wapi, na Ottmar akamweleza, ya majina na ya stoo, bila kumtazama.

"Ya majina," Raible akasema. "Si ndiyo trei ya kwanza kabisa niliyonunua?"

"Ilikuwa huko. Agosti niliihamisha."

"Uliifuta ile ya zamani?"

"Ulikataza isiguswe."

Kweli alikuwa amekataza. Ile trei ilikaa karibu na mlango wa kioo na ndiyo iliyopepesa vizuri kuliko zote, alitaka wageni waione. Kwa ajili ya mbwembwe zake tu, majina yote ya Agosti yalikuwa bado yamo ndani yake. Basi stoo ingeweza kuiuliza hiyo. Ottmar akanyanyuka akiwa na waya mrefu, akaenda chumba cha pili, akaiangalia ile trei kama mtu anayelazimika kumwomba msaada mkwe wake, akachomeka. Akarudi, akaiamsha stoo. Stoo ikauliza nani anabisha. Trei ikajibu. Majina mengine yalikuwa ya zamani, lakini yaliyotakiwa yalikuwemo, na mlango ukafunguka. Baada ya hapo zikaamka, na zile za meza ya oda zilipoamka nilisikia kelele za wasichana kutoka ghorofani.

Magari yalichelewa. La mwisho, la Münsingen, liliondoka jua limeshaanza kushuka, na nilisimama uani mpaka lilipokata kona. Nilimpigia Irmela nikamwambia limeondoka. Alianza kulia, nami nikalia, halafu tukaona aibu tukazungumzia mayai ya Pasaka.

Kantini walikuwa wametuwekea sahani tatu za Maultaschen, zile tambi zetu nene za kujazwa mboga, ambazo siku kama hiyo kila nyumba inazila. Zilikuwa zimepoa. Tulizila hivyo hivyo, na hakuna aliyezisifu. Raible akasema barua ya Ottmar haipo tena, aihesabu haikuandikwa. Akasema Oma atabaki, na Jumanne yeye mwenyewe ataieleza bodi kila kitu, pamoja na ufagio. Nilimtazama Ottmar nione furaha. Alikuwa anakata tambi vipande vidogo vidogo na havili.

"Nina sharti," akasema.

"Sema."

"Azimwe tena."

 Raible alimtazama kuona kama anatania, ila Ottmar Zwink hana utani. Akaeleza. Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, watu wakishatoka kanisani, maduka yote yakiwa yamefungwa, Oma azimwe, kwa kibodi, kwa adabu. Na kila mwezi baada ya hapo. Na atakayemwamsha asiwe yeye.

"Baada ya yaliyotokea leo?" Raible akauliza.

"Kwa sababu ya yaliyotokea leo. Nilijivuna kwamba bila mimi hataamka. Leo nilikuwepo na hakuamka."

 Kisha akanielekezea uma wake na kusema atakayemwamsha ni mimi, kwa kuwa ndiye pekee niliyeuliza, kule maegeshoni. Nikamwambia mimi ni wa simu na madereva, sijui hata kuunganisha kompyuta na kompyuta. Akasema ndiyo maana.

Jumapili hiyo Raible alimzima Oma mwenyewe, akiandika amri pole pole kwa kidole kimoja, bila mvinyo wala picha. Ukimya ule ukarudi. Nilijua unakuja, na bado ulinitia baridi. Nilikaa kwenye kiti cha Ottmar, yeye akakaa nyuma yangu kwenye stuli, mikono kaikalia. Juma lote alikuwa amenifundisha, nami nilikuwa nimesoma hadi ndotoni. Niliamsha ya kwanza, ikaamka. Ya pili ikaamka. Ya tatu nikaiandikia, nikangoja, na skrini ikabaki vile vile. Nikaandika tena. Hakuna.  Nikageuka kumtazama Ottmar, na nikaona midomo yake imebanwa mpaka imekuwa myeupe, jibu analo, liko pale pale nyuma ya meno.

"Usinitazame," akasema. "Leo mimi nimeshakufa."

 Nikamtazama Raible, naye akatazama sakafu. Mle chumbani kulikuwa na watu watatu, na sikuwahi kuwa peke yangu kama pale. Nikaigeukia skrini, nikafuta nilichoandika, nikaanza tena kutoka ya kwanza.